Farasi wa Ziwani na Jerikeni za Nakivale

Vijana wanaonirithi katika chumba cha kusomea wameniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Walitumia neno "uzoefu", ambalo kijana hulitumia anapotaka kumwambia mtu kwa adabu kwamba amezeeka. Nimekubali. Shirika lililoniajiri limefunga virago, chumba kimekabidhiwa kwa shule, mimi nimestaafu kabla mvi zangu hazijaafikiana juu ya jambo hilo, na asubuhi sina pa kwenda.

Yenye manufaa nayamaliza hapa hapa. Mchwa huanzia rafu ya chini. Gundi ya unga wa muhogo itiwe tone la mafuta ya taa, la sivyo panya wataisoma kabla ya wasomaji. Kitabu kilicholowa kianikwe kivulini. Kengele ya kisomo isipigwe siku ya mgao wa chakula, kwa sababu atakuja mtu mmoja tu, naye atakuwa amepotea njia. Yaliyobaki ni habari za farasi.

Nilifika Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, mwishoni mwa mwaka 1996, kutoka Kivu Kusini, Kongo, nikiwa na mke, watoto wawili, sufuria moja na shahada ya fasihi ya Kifaransa. Sufuria ilianza kazi siku ile ile. Shahada ilingoja. Nilipewa kipande cha shamba nikalima kwa namna iliyowafurahisha sana majirani. Walikuwa watu wa Fizi, kusini mwa mkoa wetu, wakulima tangu tumboni mwa mama zao, na jioni walipita makusudi kwenye kijia cha shamba langu kutazama mahindi ya msomi. "Mwalimu," mmoja aliniuliza kwa huruma, "haya mahindi umeyapanda ao umeyapoteza?"

Kwa hiyo shirika lilipoamua kwamba wakimbizi wanahitaji chumba cha kusomea, na likatafuta mtu anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, ambaye kilimo hakitadhurika akiondoka, majirani walinipendekeza kwa kauli moja.

Siku yangu ya kwanza kazini haikuwa Nakivale. Nilitumwa mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwenye stoo moja nyuma ya duka la vipuri vya bodaboda, nikafundwe na Nyabo Jovanisi, "nyabo" ikiwa ndiyo "bibi" kwa wenyeji. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Kakiika, aliyepokea vitabu vya msaada na kuvigawa. Kiswahili alikipata kwa marehemu mumewe aliyekuwa mwanajeshi, na kwa hiyo kilikuwa na amri nyingi kuliko maombi. Alinifundisha kushona kitabu kwa sindano ya magunia, kupika gundi, na kunusa karatasi ili kujua kama imeanza kuoza. Alinusa vitabu kama wengine wanavyonusa maziwa.

Mchana alinipa kitabu, akanionyesha wanawake watatu waliosimama kivulini mbele ya duka, akasema, "Wewe enda somea hawa." Nilikwenda. Nilisoma vizuri, nasema bila haya. Nilipandisha sauti palipohitaji kupandishwa, nikaishusha kwenye huzuni. Kabla sijafika mwisho wa ukurasa wa pili, wanawake wale walikuwa wameondoka.

"Umeona?" Nyabo Jovanisi aliuliza.

"Nimeona, Nyabo. Hawapendi vitabu."

"Banange! Ile mwanamke ya katikati alikuwa na matoke kwa kichwa. Wewe nasoma, yeye nasimama na matoke. Wewe nalia kwa kitabu, yeye shingo nauma. Mwalimu, sikia. Kwanza tazama mutu amebeba nini. Halafu fungua kitabu."

Nilitikisa kichwa kukubali, kama wasomi wanavyotikisa: kwa nguvu nyingi, bila kusikia.

Chumba chetu kilijengwa kwa udongo na mabati, katika kijiji kilicho karibu na ziwa kuliko kitu kingine chochote. Lazima niwaeleze hili kwa ajili ya wale watakaotumwa hapa kutoka mjini. Bomba la maji safi lilikuwepo, lakini lilikuwa ng'ambo ya kilima, na mtoto mwenye jerikeni kichwani huhesabu kilima mara mbili. Ziwa lilikuwa chini pale, unaliona ukiwa mlangoni. Kwa hiyo watu walichota ziwani, na ziwa lilikuwa na mafunjo, matope yanayotelezea kwenye kina, mamba wachache na viboko wengi. Kila mtu alijua hatari hiyo, na kila jioni kila mtu alimtuma mwanawe huko huko.

Miaka ya mwanzo ilikwenda na vitabu nilivyoletewa. Wafadhili walitupa walichokuwa nacho. Nilikuwa na kitabu kinene cha kodi za nchi nisiyoijua, kingine cha kufuga samaki wa urembo ndani ya chupa, na vitatu vinavyofanana kabisa juu ya namna ya kuondoa theluji mbele ya mlango. Niliviweka rafu ya chini, kwa ajili ya mchwa.

Wasomaji wangu wagumu hawakuwa wale wasiojua kusoma. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kila juma kutazama ramani ya Kongo. Alitafuta kijiji chake, hakukipata, kwa sababu mchora ramani hakukiona cha kuandikwa. Siku moja nilijaribu kumfariji. Akaniambia, "Hapana, mwalimu, ni vizuri. Kama hawakijui, hawatakichoma." Kesho yake alirudi kuhakikisha kwamba bado hakimo. Kwa kesi ya namna hiyo hakuna mafunzo. Mwekeeni kiti.

Ndipo Nyabo Jovanisi akaniletea, ndani ya katoni ya vitabu vya dini, kitabu kikubwa cha kijani kilicholiwa na panya pembeni. Kilikuwa cha hadithi za kale za Uskoti, Ayalandi, Welisi na visiwa vya jirani, watu ambao wataalamu huwaita Wakelti. Nilikifungua kwa dharau ya mtu aliyesoma Kifaransa. Jioni mke wangu alinikuta nimesahau kuwasha taa.

Humo mlikuwa na farasi wa majini. Waskoti wa zamani walikuwa na wa aina mbili. Wa mtoni walimwita kelpi. Wa ziwani, ambaye ni mbaya zaidi, ana jina ambalo nililitamka kila siku kwa namna tofauti, wala hakutokea wa kunisahihisha. Farasi huyo hutoka majini na kusimama ufukweni, mzuri, mpole, anang'aa. Mtoto akimwona humpanda. Mwenzake naye hupanda. Mgongo wa farasi hurefuka kadiri wanavyoongezeka, kila mtu anapata nafasi, na hapo ndipo wanapotambua kwamba ngozi yake ina gundi na hawawezi kushuka. Farasi hukimbilia ziwani. Asubuhi yanaonekana maini tu, yanaelea.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa na watoto tisa. Wanane walipanda. Wa tisa, mwenye shaka, alimgusa farasi shingoni kwa kidole kimoja tu. Kidole kikanasa. Mtoto akachomoa kisu, akakikata kidole chake mwenyewe, akapona. Wenzake hawakuonekana tena.

Farasi huyo pia hujigeuza kijana mtanashati. Msichana humlaza kichwa mapajani, anamchana nywele, na katikati ya nywele anakuta mchanga na majani ya ziwani. Mchanga ndio alama yake. Niliisoma hii kwa kikundi cha akina mama nikitarajia hofu. Walicheka mpaka mtoto mchanga akaamka. "Bale tunabajua," alisema mmoja, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo "wale" ni "bale" na "ndio" ni "njo". "Njo bale banakujaka na pafyumu, banasema beko na duka Mbarara." Mwingine akaongeza, "Wangu alikuwa na muchanga mpaka mu masikio. Nikaolewa tu."

Kitabu kilieleza pia dawa. Anayefanikiwa kumvisha farasi hatamu, hasa iliyotiwa alama ya msalaba, anammiliki. Farasi humtumikia, humbebea mawe, humjengea kinu. Hilo nalisema sasa ili nisije nikasingiziwa kwamba lilinipita. Nililisoma vizuri. Nililiona ni la kujazia kurasa.

Karibu na wakati huo Mama Riziki alikuja chumbani. Alikuwa mwanamke wa Fizi, mjane, muuza dagaa na muhogo, mwimbaji wa kwaya, ambaye sikuwahi kumwona ameshika kitabu kisicho cha nyimbo. Kila mtu alijua habari zake. Mwanawe wa kwanza alikwenda ziwani na jerikeni. Jerikeni ilielea, yeye hakuelea. Alibaki na binti mmoja, Riziki, wa umri wa miaka kama kumi hivi, mwenye shingo ndefu na maswali mafupi.

Hakukaa. "Mwalimu," alisema, "huyu mutoto hanisikii. Ninamwambia asiende kucheza ku maji, anaenda. Nilimupiga, anaenda. Nilimuombea, anaenda. We unajua maneno. Mutie uoga."

"Uoga wa nini, Mama Riziki?"

"Wa ile ziwa. Mutie uoga mingi, ijae. Mimi maneno yangu yameisha."

Kazini watu waliniomba kalamu, barua kwa ofisi, na mara moja talaka. Hakuna aliyekuwa ameniomba jambo zito kama hilo, wala lililonifaa zaidi. Nilikuwa na kitabu, nilikuwa na ziwa, nilikuwa na sauti. Nilimwambia awe na amani. Kumbukeni, vijana: mtu akikuletea shida yake nawe ukafurahi, nenda ukanawe uso kwanza.

Siku ya kisomo chumba kilijaa. Tatizo la kwanza lilikuwa farasi mwenyewe, maana hakuna mtoto aliyewahi kumwona. Nilimchora ubaoni.

"Ni ng'ombe," alisema mtoto wa wafugaji kutoka milima ya Minembwe, kwa sauti ya mwenye mali. "Lakini ameugua. Pembe iko wapi?"

"Hana pembe. Ni farasi."

"Banamukamua?"

"Hapana."

"Banamukula?"

"Hapana, si kwa kawaida."

"Sasa banamufugia nini?"

"Anabeba watu," nilisema. "Anabeba mizigo."

Hapo waliokaa nyuma walisogea mbele. Riziki, aliyekuwa ameketi mbele, aliinua mkono. "Anabebaka bidoni ngapi?" Bidoni ndiyo jerikeni kwa watu wa kwetu.

Nilijibu kwamba haikuandikwa, nikaendelea. Nilisoma kama sijawahi kusoma. Nilipofika mgongo unaorefuka, nilikwenda polepole nikitembeza mkono hewani. Nilipofika kisu na kidole, nilinong'ona. Nilipofika maini, nilifunga kitabu kwa kishindo. Nikawaeleza kwamba ziwa lolote laweza kuwa na farasi, na kwamba mwenye akili hakai ufukweni. Macho yote yalikuwa yametulia mahali pamoja, mbali, na midomo mingine ilikuwa ikisogea bila sauti. Mama Riziki, aliyesimama dirishani, alikuwa amejishika shingo. Nilitoka nje nikiwa mrefu kuliko nilivyoingia.

Leo najua midomo ile ilikuwa ikifanya hesabu.

Siku zilizofuata zilinipa kila sababu ya kujipongeza. Watoto walirudi kuuliza juu ya kitabu, jambo ambalo katika ripoti tunaliita mwamko. Riziki alitaka kujua hatamu hufungwa vipi. Nikamchorea. Alitaka kujua msalaba unatiwa wapi. Nikamwonyesha. Mchungaji wetu alinisimamisha njiani kuniuliza kama farasi huyo ameokoka, nikamjibu kwamba akivishwa msalaba hutulia, akaenda zake ameridhika nusu. Mama Riziki nilipokutana naye sokoni aliniambia kwa ukali kwamba hadithi zile ni uongo wa Wazungu. Nikachukua hiyo kuwa ndiyo shukrani yake. Jambo jingine dogo: kamba za mbuzi zilianza kupotea kijijini. Majirani walishuku wezi kutoka kijiji cha pili.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa napika gundi Mama Riziki alipoingia mbio, kitenge mkononi, pumzi hana.

"Mwalimu! Batoto beko ku ziwa na kamba! Na kisu yangu ya jikoni hakuna!"

Sikuuliza kisu cha nini. Nadhani nilikuwa mtu wa pekee katika wilaya nzima aliyejua mara moja kisu kilikuwa cha nini. Niliteremka kuelekea ziwani na ndala moja, nyingine sikuiona tena.

Walikuwa ufukweni, palipokatwa mafunjo. Walikuwa tisa; walikuwa wamehesabiana, kwa kuwa kitabu kilisema tisa. Saba walijipanga mstari, kila mmoja na jerikeni yake miguuni, tayari kupakia. Wawili katika hao walishika hatamu ya kamba za mbuzi iliyosukwa vizuri sana, yenye msalaba wa vijiti pale pale nilipoonyesha. Mbele yao alisimama Riziki, mkono wa kulia umenyooshwa kuelekea majini, kidole kimoja kimetangulia. Kando yake rafiki yake, Esperansi, alikuwa ameshika kisu cha Mama Riziki kwa mikono miwili, akilia.

"Esperansi, unalia nini?" nilipiga kelele, nikiwa bado mbali, swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Njo mimi wa kukata," alisema.

"Mwalimu, nyamaza," Riziki alisema bila kugeuka. "Utamukimbiza."

Niliendelea kukimbia na kupiga kelele, kwa lugha tatu. Nilipita kwenye kijia kipana kilicholala nyasi, chenye kuteremka moja kwa moja majini, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kifupi. Watoto wote tisa wakapiga kelele kwa pamoja.

"Mwalimu, toka ku njia yake!"

"Ya farasi?"

"Ya kiboko!"

Nilitazama majini. Masikio mawili madogo, ya waridi kwa ndani, yalikuwa yakinitazama, ikiwa masikio yaweza kutazama. Nilihama kijia kile kwa namna ambayo chuo kikuu hakifundishi, nikaangukia miguuni mwa wanafunzi wangu. Kiboko alipumua, akazama, akaenda kwenye shughuli zake. Watoto hawakumjali. Kiboko walimjua, walijua njia yake na saa zake, walikuwa wamejipanga mbali naye. Kitu pekee katika ziwa lile ambacho hawakukijua ni kile nilichokiweka mimi.

Mama Riziki alifika. Kwanza alimnyang'anya Esperansi kisu. Kisha aliushika mkono wa binti yake, akapitisha vidole vyake juu ya kimoja kimoja, polepole, kama anayepapasa maharage kutafuta mawe. Vyote vilikuwapo. Ndipo akapata sauti.

"Nilimwambia mwalimu akutie uoga!"

"Alinitia, mama."

"Na ukakuja?"

"Nilikuja nao," alisema Riziki. "Uoga niko nayo. Lakini maji hakuna ku nyumba."

Mama Riziki aliuachia mkono ule. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye matope, ndala moja mguuni, na nilikuwa na nafasi nzuri ya kuona viganja vya watoto wote tisa. Kila kimoja kilikuwa na mstari mgumu wa sugu pale ambapo mpini wa jerikeni hukaa. Nilikuwa nimewaona watoto hao kwa miaka. Nilikuwa nimewafundisha kugeuza kurasa kwa mikono hiyo hiyo.

Riziki alinieleza mpango wao tulipokuwa tukipanda kurudi kijijini, kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni. Mnyama ambaye mgongo wake hurefuka hubeba jerikeni za kijiji kizima kwa safari moja. Akivishwa hatamu hawezi kukataa. Kwa kuwa ana nguvu, hatachota ziwani, atakwenda mpaka ng'ambo kwenye bomba. Tangu hapo hakuna mtoto atakayeshuka ziwani tena. Kidole kimoja, walijadiliana, kilikuwa bei nzuri. Walitaka kupiga kura ni cha nani. Riziki alijitolea, kwa sababu nyumba yao ilikuwa imekwisha kulipa zaidi ya kidole.

Nilimsaidia kubeba jerikeni, akanionyesha namna ya kuishika.

Jumatatu nilipanda gari la mizigo nikaenda Mbarara kumwona Nyabo Jovanisi. Nilimsimulia yote, hata ndala. Alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka tena. Kisha akauliza.

"Hao batoto walikuwa wamebeba nini, mwalimu?"

"Jerikeni, Nyabo."

"Kale," alisema, yaani "sawa" kwa lugha ya kwao, akachukua mkoba wake.

Nilikuwa na michoro ya watoto, niliyoileta kama ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Ilionyesha farasi mrefu kama treni, jerikeni za manjano zimejaa mgongoni toka shingo hadi mkia, na watoto kando wakitembea mikono mitupu. Mikono ilichorwa mikubwa sana. Nyabo Jovanisi aliikunja, akaniongoza mpaka mtaa wa Ruharo, kwenye ofisi ya afisa mmoja wa maji aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, na ambaye bado alisimama wima alipomwona.

"Hii ndiyo batu yako nataka," alimwambia, akiitandaza mezani.

Kijana aliitazama kwa heshima. "Nyabo, huyu ni... farasi?"

"Farasi hapana. Punda iko?"

"Punda iko, Nyabo. Lakini iko mbali, mashariki."

"Wewe ulishinda mashindano ya mbio kwa shule yangu. Mbali ni nini?"

Baada ya muda mrefu, ambao nafahamu ofisi huuita haraka, lori lilikuja na punda, mkokoteni na mapipa. Mpango ulikuwa rahisi: punda aende ng'ambo kwenye bomba, arudi na maji ya kijiji, na watoto wasishuke ziwani. Nimeambiwa kwamba katika taarifa za shirika wazo hilo lilitokana na tathmini. Sikatai. Nilikuwepo tathmini ilipofanyika, nilikuwa nimeikalia pale matopeni.

Kijiji kizima kilikuja kumpokea. Watoto walimkagua kabla watu wazima hawajaruhusiwa kukaribia. Kwato zilitazama mbele, vizuri, maana za kelpi hutazama nyuma. Mgongo ulikuwa mfupi, jambo lililowasikitisha. Riziki alileta hatamu ya kamba za mbuzi, ile yenye msalaba, na wenye kamba, waliozitambua, hawakuzidai. Punda, kwa bahati mbaya, alikuwa ametoka kujigaragaza barabarani baada ya safari ndefu.

"Eko na muchanga!" alipiga kelele mtoto wa wafugaji. "Mu nywele! Muchanga!"

Umati wote ulirudi nyuma hatua moja, mchungaji akiwa wa kwanza. Nilianza kueleza kwamba mchanga ni mchanga tu. Niliifahamu hadithi ile kuliko mtu yeyote pale, nami nilijua hakuna chochote. Hakuna aliyenisikiliza, nilikuwa nimesimulia vizuri mno mara ya kwanza. Riziki alibaki peke yake mbele na hatamu yake, akainua kidole.

Mama Riziki alitoka katikati ya watu. Alimsukuma binti yake nyuma, akasimama mbele ya punda. Huyu ndiye aliyeniambia sokoni kwamba ni uongo wa Wazungu. Alinyoosha mkono wa kulia, akagusa shingo ya punda kwa kidole kimoja. Watu walimwona hivyo kutoka mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mgongoni, chini ya kitenge, na ulikuwa umeshika kisu cha jikoni.

Katika miaka yangu yote ya kazi niliombwa mara moja kumtisha mtu, na nilifaulu kumtisha mmoja tu, aliyekuwa amesimama dirishani.

Punda alitikisa sikio. Mama Riziki hakusogea. Kisha akakivuta kidole, taratibu, na kidole kikaja. Akakitazama, akakifuta kwenye kitenge, akaweka kiganja chote shingoni mwa mnyama.

"Riziki," alisema bila kugeuka, "leta bidoni."